Gitaa la Tatu

Mtaa mzima ulimwita Kimya, naye hakulalamika, na kwa kutolalamika akazidi kulistahili jina. Alikuwa fundi wa mageti. Mteja akija, Kimya alimsikiliza mpaka mwisho, akapima nafasi mara mbili, akaandika vipimo kwa chaki kwenye kipande cha bati, akasema, "Wiki ijayo." Geti likiisha alisema, "Tayari." Ukitaka geti ambalo bawaba zake hazilii, hapo ndipo mahali pake. Ukitaka maongezi, utafute fundi mwingine.

Mkewe alishazoea. Wanawake wenzake walipomuuliza aliposwaje na mtu wa namna ile, alijibu, "Alimtuma dada yake. Na dada yake anaongea kwa niaba ya ukoo mzima."

Lakini Jumamosi alasiri, karakana ikishafagiwa na vumbi la chuma kuzolewa, Kimya alipanga viti vitatu, akawasha spika, akangoja wageni wake wawili. Hao walikuja kusikiliza metali, ule muziki wa magitaa yanayounguruma, ngoma zinazokimbizana kama zimeiba kitu, na mwimbaji anayefoka kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mkewe aliuita "ugomvi wa masufuria". Wenyewe waliuita "chuma".

Mgeni wa kwanza alikuwa Kinyozi, mwenye kibanda cha kunyolea mtaa wa pili. Mashabiki wa chuma kwenye picha wana nywele za kufika mgongoni, na wimbo ukipamba moto huzitupa mbele na nyuma. Kinyozi alikuwa na kipara kinachong'aa kama bakuli, lakini alikitupa hivyo hivyo, kwa moyo wote, mpaka unamwonea huruma shingo. Mgeni wa pili alikuwa shemeji yake Kimya, mdogo wake mkewe, mfanyakazi wa duka la kutoa fotokopi na kupiga picha za vitambulisho. Huyo alikuwa kijana wa kujua. Kitu asichokijua, simu yake ilikijua.

Kinyozi na Shemeji walibishana tangu kuingia mpaka kutoka. Kimya alikaa katikati, akitazama huku na kule kama mtu anayeangalia mpira, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anaonaje. Hata hivyo hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake ya wiki nzima. Aliyabeba kichwani mpaka Jumamosi nyingine, akiwa anachomelea peke yake anatabasamu ndani ya kinyago.

Albamu waliyoipenda kupita zote waliiita Kaseti ya Dereva. Miaka kumi na minane nyuma, dereva mmoja wa lori alikuja kutengenezewa bampa, na ndani ya lori mlikuwa mnalia muziki ambao Kimya hakuwahi kuusikia. Siku hiyo alifanya jambo la ajabu: alimsemesha mtu asiyemjua.

"Hiyo nini?"

"Hiyo chuma, fundi!" dereva akajibu. "Unaipenda? Inakili wakati unanitengenezea bampa. Ukimaliza bampa, naondoka na kaseti yangu."

Kimya akaazima redio ya pili, akaweka redio mbili juu ya meza zikitazamana mdomo kwa mdomo, moja ikiimba na nyingine ikirekodi. Kazi ikawa kutopiga kelele. Alichomelea taratibu, akanyata kama mwizi, na grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia chuma, akaiwasha tu pale wimbo unapoisha na mwingine haujaanza. Isipokuwa mara moja. Katikati ya wimbo wa nne alikata bomba la inchi mbili. Sekunde kumi na moja.

Wiki ile Kinyozi alikuja, akasikiliza, na wimbo wa nne ulipofika pale akaruka kutoka kitini. "Umesikia hilo? Magitaa yalikuwa mawili, sasa limeingia la tatu! Sikiliza linavyopanda! Sikiliza pale mwisho linapolia kama limefiwa!"

Pale mwisho ni pale bomba lilipokaribia kukatika na jiwe la grenda, ile sahani yake inayozunguka na kukata, likaanza kuyumba.

Kimya alifungua mdomo amwambie. Akaona haya. Akasema moyoni, nitamwambia Jumamosi ijayo. Jumamosi iliyofuata Kinyozi alikuja na rafiki yake kumsikilizisha gitaa la tatu, na mbele ya mgeni ingekuwa kumvunjia mtu heshima. Mwezi ulipopita, Kinyozi alikuwa ameshaapa kwamba hakuna mpiga gitaa duniani wa kumfikia huyo wa tatu. Mwaka ulipopita, ni nani angethubutu? Kaseti ikazaa kaseti, kaseti ikazaa sidii, sidii ikaingia kwenye flashi, na bomba la Kimya likaendelea kukatwa humo ndani, kila Jumamosi, mbele ya macho yake.

Mambo yaliharibika siku Shemeji alipokuja akitembea kwa madaha, simu mkononi.

"Wazee wangu, nimeipata Kaseti ya Dereva. Ile yenyewe, safi, kutoka kwenye mtandao. Simu ilisikiliza wimbo wa kwanza tu ikataja jina la kundi. Na maneno yote ninayo hapa."

"Maneno nayajua," Kinyozi akasema. "Wimbo wa nne mtu anadai kitanda chake. 'Leta kitanda, leta kitanda!' Mkewe kahama nacho."

"Kitanda gani, mzee? Wimbo unahusu volkeno."

"Volkeno inahama na mke wa mtu?"

Wakaisikiliza safi. Kweli ilikuwa safi, ngoma zilisikika moja moja kama mtu anagonga mlango wako. Wimbo wa nne ukaanza. Kimya alijua kinachokuja, au tuseme kisichokuja. Pale pakafika. Pakapita. Magitaa mawili, basi.

Kinyozi alibaki amesimama, kipara kimeinama tayari kutupwa, kama mtu aliyekwenda kukaa akakuta kiti kimeondolewa.

"Wamelikata," akasema.

"Hawakukata kitu. Halikuwepo."

"Nililisikia miaka kumi na minane, wewe ukiwa bado unaandikiwa jina kwenye daftari! Hiyo yako ni ya kuchakachuliwa."

"Hii ndiyo yenyewe, kaka. Yenu ina makwaruzo ya kaseti. Na nikwambie ukweli, hata albamu yenyewe ni ya kawaida tu. Nyimbo kumi na mbili, nzuri tatu. Ukiondoa hilo gitaa la kufikirika, unabakiwa na nini?"

"La kufikirika!" Kinyozi akamgeukia Kimya. "Fundi, sema kitu. Gitaa lilikuwepo, halikuwepo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Kimya aliinuka. Akasema, "Niwashe feni?"

Kinyozi akachukua kofia yake akaondoka.

Jumatano Shemeji alikwenda kunyolewa, maana kwa Kinyozi ndiko alikonyolewa siku zote, na aliamini ugomvi wa muziki hauingii kwenye nywele. Uliingia. Mashine ilipofika utosini, Shemeji alisema, kwa utani tu, "Usije ukanikata na wewe kama walivyokata gitaa lako." Kinyozi akazima mashine, akakunja shuka, akasema, "Kamalizie kwenye mtandao."

Jioni mkewe Kimya aliingia karakanani bila hodi, akimburuta mdogo wake kwa mkono. Alimvua kofia. Upande wa kulia ulikuwa umenyolewa vizuri sana, umechongwa na mstari. Upande wa kushoto ulikuwa kichaka.

"Tazama! Mtoto wa mama yangu anapiga watu picha za vitambulisho akiwa na kichwa cha watu wawili! Wateja wanacheka, picha zinatoka wamefumba macho!"

"Mkubwa yule, dada, nilimchokoza," Shemeji akanong'ona.

"Wewe nyamaza. Wewe," akamgeukia mumewe, "siku ya lile lori nilikuletea chai hapa. Nilikuona na macho yangu unakata bomba na redio inarekodi. Nimekaa kimya nikidhani utasema mwenyewe. Nimechoka kukusubiri!"

Shemeji akakodoa macho. "Bomba?"

Kimya akazidi kuinama kwenye geti lake.

Jumamosi ile viti vitatu vilipangwa na hakuna aliyekuja. Shemeji alijifungia na kichwa chake. Kimya alisikiliza albamu peke yake, akaizima kwenye wimbo wa pili. Ilikuwa kweli ugomvi wa masufuria. Jumamosi ya pili hakupanga viti. Alikaa juu ya ndoo akitazama mlango, akahesabu: miaka yote ile, ukiacha mkewe, watu waliomzungumzisha kwa jambo lisilo geti walikuwa wawili. Na kati ya hao, aliyekuwa ameanza ni Kinyozi.

Akasimama, akachukua grenda, waya mrefu wa umeme na kipande cha bomba la inchi mbili, akapiga moyo konde, akatoka.

Kibandani palikuwa na mteja mmoja mwenye povu kidevuni na wengine wawili wakingoja. Kinyozi alimwona na grenda begani.

"Umekuja kuninyoa, fundi? Umechelewa, nywele ziliondoka zamani."

Wateja wakacheka. Kimya alitaka kurudi nyumbani. Alikuwa ametunga maneno njia nzima, na yote yalikuwa yameshuka njiani. Akaonyesha soketi.

"Chomeka," Kinyozi akasema, akimshangaa.

Kimya alitoka na waya mpaka nje mlangoni, akachuchumaa, akakanyaga bomba na kiatu, akavaa miwani. Akawasha grenda. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikashika chuma, ikapanda tena mpaka meno ya mwenye povu yakauma. Cheche zikaruka uani. Kimya hakuharakisha. Bomba lilipokaribia kukatika alilegeza mkono kidogo, jiwe likayumba, na ile sauti ikalia kama imefiwa. Bomba likaanguka vipande viwili. Akazima.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi. Kipara kilikuwa kimeanza kutupwa mbele chenyewe, kwa mazoea, kikasimama katikati ya njia.

"Hapana," akasema.

Kimya akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Miaka kumi na minane unanitazama navunjika shingo kwa ajili ya bomba?"

Mwenye povu akaangua kicheko, na mwenzake akauliza gitaa gani, na Kinyozi akakunja uso mpaka utosini. Kimya aliona anageuka kuingia ndani, na akajua akiingia hatatoka tena. Ndipo aliposema maneno mengi kuliko aliyosema siku aliyooa.

"Niliona haya. Halafu ukalipenda. Mimi nimetengeneza mageti mtaa huu wote, na watu wanaingia, wanatoka, wanafunga. Hakuna aliyewahi kusimama akasema, tazama linavyofunga. Wewe tu uliruka kitini. Nikasema ngoja aruke tena mara moja, nitamwambia. Ukawa unaruka kila wiki."

Kinyozi aliweka wembe chini. Alimtazama yule fundi aliyechuchumaa na miwani usoni, kisha akaokota kipande cha bomba, akakiachia haraka maana kilikuwa bado cha moto.

"Sekunde ngapi?" akauliza, akipuliza vidole.

"Kumi na moja."

"Leo zimezidi. Umelivuta mwisho."

"Jiwe jipya."

"Lile la zamani lilikuwa bora," Kinyozi akasema kwa uchungu wa shabiki, na hapo Kimya akajua mambo yatakuwa mazuri. "Mwite yule mtoto nimalizie kichwa chake. Ananitia aibu huko mtaani, watu watasema ndivyo ninavyonyoa."

Shemeji alikuja na kofia, akakaa kwenye kiti, akapewa shuka, na kabla mashine haijawashwa akaanza. "Sikusema? Sikusema hakuna gitaa?"

"Tulia nisikukate sikio. Gitaa hakuna, sawa. Basi albamu yao ina upungufu. Wangekuwa na akili wangemtafuta fundi."

"Kelele za grenda zinaharibu wimbo mzima!"

"Zinaukomboa! Wimbo wa volkeno usio na moto ndani? Huo moto ndio huo, kijana, ni cheche za kweli!"

"Shemeji," kijana akamgeukia Kimya huku kichwa kimeshikwa, "wewe ndiye uliyekuwepo. Tuambie tumalize. Nyimbo nyingine zote ulisubiri ziishe ndipo ukawasha mashine. Kwa nini huo wa nne ukaukata katikati? Dereva alikuharakisha?"

Kimya alifikiri. Alikuwa ameshaanza kusema siku ile, na aliona kusema si kugumu kama alivyodhani.

"Hapana. Wimbo wenyewe ulikuwa unanichosha."

Mashine ikazimwa. Shemeji akainuka na shuka shingoni, nusu kichwa bado kichaka.

"Unakuchosha?" Kinyozi akasema.

"Wimbo wa nne?" Shemeji akasema. "Kati ya zile tatu nzuri huo ndio wa kwanza!"

"Huyu mtu hana masikio! Tumekaa na mtu asiye na masikio miaka yote!"

"Kaka, muulize na wa saba anauonaje."

"Wa saba anauonaje! Fundi, wa saba unauonaje?"

"Wa saba mrefu mno," Kimya akasema, akavuta benchi, akakaa vizuri, maana wale wawili walikuwa wanamjia kwa pamoja, mmoja na mashine na mwingine na shuka, na ilionekana wazi kwamba leo hatanyolewa mtu.