Kawa Juu ya Jibini la Takko

Watu waliharisha kwenye karamu ya kumpa mtoto jina. Jibini la karamu lilitoka kwa wawili, Takko na wifi yake Demmo, lakini Demmo alitangulia kusema kwamba bovu lilikuwa la Takko, basi lawama yote ikamwangukia Takko. Meza yake sokoni akaichukua Demmo huyohuyo, na pole hakumpa.

Ndipo Rafiatu, binti wa chuo cha Parakou, alipokuja na ndoo ya maji ya manjano na taa ya bluu.

"Jibini likishanywa rangi hii, mwanga ukaipiga, vijidudu vinakufa."

"Vinakufa kwa kuangaliwa tu?"

"Kwa kuangaliwa tu, mama."

"Basi hiyo taa ina jicho kama la wifi yangu!"

Wakachovya mabonge, wakawasha taa, Rafiatu akatoka kwenda kwa jirani. Baada ya siku chache jibini likateleza na kunuka. Takko akalia. Kumbe Demmo alisema kweli?

"Uliliacha wazi chini ya taa?" Rafiatu akauliza.

"Wazi? Mimi mwendawazimu? Nani huacha maziwa yake wazi, macho ya watu yakayala? Nililifunika kwa kawa."

Rafiatu akacheka hadi akakaa chini. "Mama, mwanga ulikuwa unaua vijidudu vya kawa!"

Takko naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile karamu. Safari hii akachovya jibini jipya, akafunga mlango, akalifunua, akageukia ukutani ili hata jicho lake mwenyewe lisiliguse, akakaa hivyo mpaka taa ikazimwa.

Alipolipeleka sokoni, Demmo alikuwa wa kwanza kupiga kelele.

"Jamani, sisi jibini letu hutiwa rangi nyekundu! Hili limeshikwa na homa ya manjano!"

"Afadhali homa, wifi, kuliko maiti yako hiyo."

Bibi Nyon, mkuu wa soko, akachukua mabonge mawili, la Takko na la Demmo, yaliyotengenezwa siku moja, akayaweka kwake. Siku ya gulio lililofuata akayakata mbele ya watu. La Demmo alilitema. La Takko alilitafuna, akakata tena, akatafuna, watu wakaanza kunung'unika kwamba anamaliza.

"Takko, meza yako ile pale," akasema, mdomo umejaa. "Demmo, sogea."

Demmo akasogea. Hakwenda mbali, alikaa pale pale karibu, akawa anasikia wateja wakisukumana na kuita, "Dada Takko! Dada Takko, nami nikatie!"