Wimbo wa Mwisho, Gereji ya Minto

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu. Kaka yangu aliimba, mimi nilipiga gitaa, na rafiki yetu Mkongo wa mtaa wa Macquarie Fields, hapa Sydney, alipiga ngoma. Tulipiga muziki wa kantri, ila kantri iliyopinda kidogo, ya Kiswahili. Wakenya wenzetu waliiona ya huzuni mno kwa harusi, na Waaustralia hawakuelewa neno. Hatukujali.

Tulirekodi kwa maikrofoni moja kwenye gereji ya kaka mtaani Minto, wote tumeizunguka. Sheria ilikuwa moja: ukikosea, wimbo unaanza upya, na wewe unaenda kuchemsha chai.

Albamu ya mwisho tuliifanya mbiombio, kwa sababu kaka alikuwa na saratani ya koo. Upasuaji ulikuwa Jumatatu, na daktari alishamwambia kwamba sauti haitarudi. Jumamosi ulibaki wimbo mmoja, aliomtungia binti yake, mtoto anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Huu lazima uishe," kaka aliniambia.

Kwenye ubeti wa pili sauti ikaanza kukwaruza. Mkongo akaangusha kijiti.

"Pardon, grand," akamwambia kaka, kama mdogo kwa mkubwa wake. "Ni miye nimekosa. Pumzika kidogo, niko natayarisha chai."

Tukaanza tena, akaangusha tena, palepale. Mtu aliyepiga ngoma kanisani tangu utotoni haangushi kijiti hivyo. Hakutaka mgonjwa awe ndiye aliyekosea. Tenda wema nenda zako, wanasema. Huyu alitenda na kurudia. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Sauti iliyobaki ilikuwa ya kupimwa kwa kijiko, naye anaimwaga kwa heshima! Lakini ningemkemeaje mbele ya kaka? Nikanywa chai.

Mara ya mwisho kijiti hakikuanguka. Kaka alifika ubeti wa pili, akafungua mdomo, pakatoka upepo mtupu. Sisi tukaendelea kupiga hadi mwisho, maana hakuna aliyethubutu kusimama. Kisha kaka akamshika Mkongo bega, akaenda kuinjika sufuria mwenyewe. Mkongo alilia kama mtoto.

Kaka alipona bila sauti, namshukuru Mungu, ingawa si kwa moyo wote. Albamu ilipokuwa tayari tuliisikiliza sebuleni kwake. Wimbo wa binti ukafika pale, sauti ikakatika, gitaa na ngoma vikaendelea. Kaka, kwenye kochi, akamgeukia mtoto, akaanza kumwimbia kwa midomo maneno yaliyobaki.

Binti akakimbilia spika, akapunguza muziki ili amsikie.