Kitambaa Kimebaki cha Mtoto Mmoja

(Barua hii imetufikia kutoka mpakani. Jina la mwenyewe tumeliweka kando.)

Mwenye ukurasa huu, jina langu lifiche, ingawa unajisumbua bure. Toka Malaba hadi Busia, ukisema tu mzee wa kofia ya reli, hata mbuzi watakuonyesha boma langu. Umri wangu ni sabini na kitu. Shule niliacha darasa la pili, na barua hii naandika kwa mkono wangu, sitaki mwalimu aniwekee maneno yake.

Nina wajukuu watatu, wote wa mwanangu wa pekee. Nafula ana miaka kumi na tano na ulimi wa marehemu mke wangu. Ouma ana kumi. Wa mwisho ni Kadogo, msichana wa miaka minne, aliyezaliwa baba yake akiwa ameshaondoka. Mama yao alirudi kwao Butula, naye huniletea watoto kila shule zikifungwa mwisho wa mwaka.

Sasa sikilizeni vile mimi hupanga likizo. Wazee wa hapa wakipata wajukuu huwatupa kwa ng'ombe mpaka shule ifunguliwe. Mimi hapana. Tunakwenda sote, lakini kila umri na matembezi yake. Kadogo nampeleka stesheni ya Malaba aone gari moshi likivuka kutoka Uganda. Ouma nampeleka soko la Busia, tunakaa pale wanawake wa ng'ambo wanapopita na ndizi, anakula mandazi mpaka tumbo linalia. Nafula, kwa sababu ni mkubwa, napanda naye ule mwinuko ambapo jabali la Tororo linaonekana kama liko shambani kwako. Na wote nawashonea nguo za kitambaa kimoja, kijani chenye miraba ya njano. Watu wakituona husema huyu mzee anajua kulea. Ni kweli, najua.

Kitambaa hicho alikileta baba yao, jora zima, Krismasi ya mwisho tuliyokula naye. Alikuwa fundi wa redio Tororo, huko Uganda. Akaniambia, "Baba, ng'ambo si pazuri tena, wanajeshi wanachukua watu. Naenda kutoa vyombo vyangu, Jumapili niko hapa." Akapanda baiskeli, akapiga kengele langoni kama kawaida yake. Tangu hapo hakuna aliyemleta, wala mzima wala maiti. Wengine walisema alionekana akipandishwa lori. Wengine hawasemi kitu, wananiangalia tu.

Kengele hiyo naisikia. Si usiku, usiku nalala vizuri. Ni mchana, jua likiwa utosini na kuku wamenyamaza, naisikia langoni. Natoka. Barabara nyeupe, hakuna mtu. Kadogo naye hutoka nyuma yangu. "Kuka, ni nani?" Sijawahi kumuuliza kama ameisikia au amenifuata tu Kuka wake, babu yake. Naogopa jibu.

Likizo hii walipofika, tulikaa tukipukuchua mahindi, nikaanza kutangaza matembezi. Nafula akanikata.

"Kuka, hayo si matembezi."

"Ni nini basi, mke wangu?" Hivyo ndivyo babu hutaniana na mjukuu wake kwetu.

"Steshenini unatukalisha tukiangalia Uganda. Sokoni, Uganda. Mlimani, Uganda. Na umetuvisha kitambaa cha baba. Unatuanika ili atuone."

"Wewe mtoto, hiyo kamasi imekukauka lini?"

"Ilinikauka nikimfuta Kadogo machozi. Juzi tukitoka Butula alimshika suruali mwuza ndizi, akamwita baba. Watu wakacheka. Mwaka jana steshenini alipungia kila dirisha mkono mpaka mabehewa yakaisha. Hukumwona, Kuka, kwa sababu na wewe ulikuwa unaangalia madirisha."

Mimi, ambaye hata mzungu wa reli hakunishinda kwa maneno, niliokota gunzi lililokwisha nikalipukuchua tena.

"Mimi na Ouma tumekubaliana," akasema. "Likizo hii matembezi yawe moja tu, tumzike baba. Ukikataa, mwaka ujao usitungoje. Tutabaki Butula."

Kwetu mtu akipotea bila mwili, ukoo hukata shina la mgomba, hulivisha kitu chake, hulizika kama yeye, na watoto wake hutupa udongo. Ndugu yangu mdogo amenisukuma na jambo hilo miaka yote. "Umezoea kushinda kila mtu," aliniambia tukinywa pombe ya busaa, "sasa unataka kushindana na kifo." Nilimwaga busaa yake.

Lakini hajui kinachonizuia. Mgomba ukishazikwa, mwenye jina hana mlango tena. Akirudi mzima, hapiti langoni. Anatobolewa ua kwa nyuma, mbuzi anachinjwa, anapewa jina jipya kama mtoto mchanga. Mwanangu apige kengele yake langoni, nami baba yake nimwambie, zunguka nyuma, wewe tulishakuzika? Nikikataa nako, Kadogo ataendelea kushika suruali za watu, na boma litabaki la mimi na kengele.

Jana nilifungua sanduku. Jora limeisha. Kimebaki kipande cha kumtosha mtoto mmoja, na hakuna kitu kingine cha baba yao katika nyumba hii cha kuvisha mgomba. Fundi wa nguo ananingoja nimlete Kadogo apimwe. Ndugu yangu ameshachagua mgomba. Kadogo mwenyewe amelala juu ya kitambaa, amekataa kukiachia, anasema ni cha likizo.

Nyinyi mnaosoma, na zaidi nyinyi ambao mtu wenu alivuka mpaka asirudi, nipeni shauri. Msiniambie nivumilie, kuvumilia najua kuliko nyinyi wote. Niambieni tu, kitambaa hiki nimkatie nani? Mkasi ninao. Ni mchana, kuku wamenyamaza, na langoni kengele imelia sasa hivi nikiandika. Mimi sijainuka. Kadogo ndiye ameinua kichwa.