Maji Yaliyokula Sukari

Juzi binti yangu alikoroga chumvi na sukari kwenye glasi ya maji kwa ajili ya somo lake, nami nikaikumbuka alasiri moja ya vita kwetu Buyenzi. Mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa anaharisha tangu alfajiri. Macho yake yalikuwa yamedidimia, na tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Risasi zililia upande wa Kamenge, na njia ya hospitali ilikuwa imefungwa.

Mama alichemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yakapoa, akatia chumvi kidogo na sukari yote iliyobaki. Nilipoona imetoweka, nilishikwa na hofu.

“Mama, maji imekula sukari. Sasa Hamisi atapona na nini?”

“Apana. Iko mule ndani. Onja.”

Nilionja, lakini sikuamini kwamba kitu kisichoonekana kingemponya mtu. Leo najua kuwa vitu hivyo vilivyoyeyuka ndivyo vinavyoyavuta maji yaingie mwilini. Mama alimnywesha kwa kijiko. Mtoto akitapika, alianza upya, akinong'ona dua.

Jua lilipokaribia kuzama, Hamisi alimkojolea mama mapajani. Nilingoja mama akasirike. Alibaki amekaa na kitenge chake kilicholowa, analia na kumshukuru Mungu.