Mzazi Anapoambiwa Atoke Nje

Siku yangu ya kwanza katika shule ya chekechea ya Area 36, Lilongwe, mwalimu mkuu alinikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakakaribia kidevu. Akaniambia kwa Kichewa, "Mzee, wewe ni mkalimani. Beba maneno tu, usiongeze chumvi." Niliogopa kurudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, bila kazi, nikamtii kupita kiasi.

Usaili wa chekechea ni mchezo tu. Mtoto anapanga vibao, anachora, anaulizwa mambo ya nyumbani. Mwishoni huja hatua tuliyoiita kuachana: mzazi anatoka nje kidogo, mwalimu aone kama mtoto atatulia.

Asubuhi moja alikuja Mama Riziki, mshonaji wa kambini, na binti yake. Akanivuta pembeni.

"Mzee, banauliza nini mule ndani?"

"Umufundishe majibu," nikamwambia. "Ifanane na yako."

Ndivyo tulivyozoea sisi wakimbizi. Kwenye mahojiano ya hifadhi tuliogopa kwamba maneno yakitofautiana, familia nzima itakataliwa.

Mwalimu mkuu akamwuliza Riziki anacheza na nani nyumbani. Mtoto akamtazama mama yake, ambaye midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti.

"Tulitokaka ku Uvira," mtoto akasema. "Baba alikufaka mu njia." Yalikuwa maneno ya mahojiano ya hifadhi.

Mwalimu mkuu akaweka penseli chini, akauliza tena polepole. Nikaona vidole vya mama vikimfinya mtoto mgongoni.

"Tulitokaka ku Uvira," Riziki akaanza upya.

"Mwambie mama apumzike nje," mwalimu mkuu akasema. Nikatafsiri neno kwa neno.

"Njo banatukatala, Mzee?" mama akauliza, akidhani wamekataliwa.

Nilijua ni kuachana tu. Nilijua pia nimekatazwa kuongeza. Nikamfungulia mlango tu. Mama Riziki akambeba mtoto, akakimbilia barabarani, akapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria.

"Wameenda wapi?" mwalimu mkuu akauliza. "Nilitaka mtoto acheze bila kuogopa."

Hawakurudi tena.

Baadaye nilihamia shule ya mtaa wa Biwi, nikafanya kazi hadi masikio yalipochoka. Huko niliwaeleza wazazi kila kitu kabla ya kuingia, hata mwalimu mkuu wa pale akanitania, "Mzee, unaongea kuliko redio."

Nanyi wazazi vijana nawaambia: keti nyuma ya mtoto, mikono yako ibaki magotini pako. Akisema hajui, mwache asijue. Ukiambiwa utoke, mwambie utakuwa hapo nje, halafu utoke kweli.

Mwaka huu nilimpeleka mjukuu wangu kwenye usaili. Nikaambiwa nitoke. Nilijua yote hayo, na bado nilisimama nje nikiishikilia kofia yangu kwa mikono miwili, nisije nikashika kitasa.