Siku Niliyomtania Msukuma Ndani ya Ndege

Naandika haya nikiwa na aibu, tena aibu yenyewe bado haijapoa, maana mpaka leo nikifika kijiweni pale Buguruni ninapotengenezea makochi, lazima kuna mtu atainama chini ya benchi ajifanye anachungulia kitu, halafu aulize, "Kondo, hili boksi la nani?" na wote wacheke. Nimeona bora niandike mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu kila mmoja ana hadithi yake: wengine wanasema nilifungwa pingu (sikufungwa), wengine wanasema nililala ndani wiki nzima (ilikuwa siku moja, tena magharibi ilinikuta nyumbani), na mmoja anaapa kwamba nililia. Hilo la kulia ni kweli, nitafika huko.

Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa anaolewa Mwanza. Baba yetu alishafariki, baba mkubwa wala baba mdogo hatuna, kwa hiyo walii wake ni mie, mie ndiye wa kumshika mkono bwana harusi na kumwozesha mbele za watu. Mama na mashangazi walitangulia kwa basi siku tatu kabla. Mie nilibaki kumalizia makochi ya mteja mmoja wa Mikocheni (ningeweza kumwambia asubiri, nakiri, ila naonaga haya kumwambia mteja asubiri), na shemeji Hamadi, yaani bwana harusi mwenyewe, akasema nisihangaike, akanikatia tiketi ya ndege. Ndege inaondoka saa nne asubuhi, ndoa ni baada ya swala ya alasiri. Nafasi tele. Jana yake jioni Mwanaidi akanipigia.

"Kaka, sitaki sheikh aniozeshe kwa wakala. Nataka uwe mkono wako."

"Mkono ninao," nikamwambia, "tena nitaileta yote miwili."

Ona nilivyokuwa mwepesi wa kuongea.

Sasa mie nakaa Pugu, ndege zinapita juu ya bati langu tangu nikiwa mdogo, najua hadi ya saa ngapi inawaamsha kuku, lakini ndani ya ndege nilikuwa sijawahi kuingia. Niliogopa. Na mie nikiogopa sinyamazi kama watu wengine, naongea. Pale kwenye ukaguzi nilijikaza, nikavua mkanda, nikavua viatu, nikapita kimya kama mtu na akili zake. Laiti ningeendelea hivyo hivyo. Nikaingia, nikaonyeshwa kiti, nikakuta pembeni yangu kuna mzee wa makamo ya baba yangu, kavaa kofia pana ya wachunga ng'ombe, anahangaika na mkanda wa kiti, na boksi lake lililofungwa kwa kamba za mpira amelisukuma kwenye kabati la juu lakini kabati halifungi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, baba."

"Unakwenda nyumbani?"

"Nyumbani, Magu."

"Magu! Kumbe Msukuma! Mtani wangu, ningejua nisingekuamkia. Nirudishie shikamoo yangu."

Mzee akaacha mkanda, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Wewe ni nani?"

"Mzaramo. Wa Pugu."

"Ndiyo maana," akasema, "harufu ya nazi nimeisikia tangu mlangoni. Leo Mzaramo ameamka kabla ya saa sita? Ngoma imeisha mapema?"

Nilifurahi mno, woga wote ukatoka. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na sharti la utani ni kwamba ukitupiwa neno hukasiriki wala hukatai, unaongezea lako. Baba alipofariki, jirani yetu mmoja Msukuma alishuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka tumpe jogoo, na mama, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni siku ya pili, alicheka. Nataka mjue kwamba kwangu utani si upuuzi, ni kitu cha heshima. Lakini sitaki kujificha nyuma yake pia.

"Mtani, huo mkanda si wa kufungia ng'ombe," nikamwambia. "Na viatu vipi, umeviacha mlangoni?"

"Vyangu ninavyo. Vyako ndio naona umeazima, vinakuacha nyuma."

(Vilikuwa vya jirani. Sijui alijuaje.)

Watu wa kiti cha nyuma wakaanza kucheka, na mie nikisikia watu wanacheka nakuwa kama nimepandishwa jukwaani. Hapo akaja mhudumu, dada mmoja mpole, akajaribu kulifunga lile kabati, likagoma. Akaligeuza boksi. Kwenye kona moja palikuwa pametoboka, panatokeza nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Samahani, boksi hili la nani?"

"La kwangu," akajibu mzee, kichwa chini, amerudia kupigana na mkanda wake.

"Lina nini ndani, baba?"

Swali lilikuwa lake. Boksi lilikuwa lake. Mdomo ulikuwa wake, tena mzima. Lakini kwenye utani mtani wako huwahi kukusemea, na mie nikawahi.

"Bomu hilo, dada. Huyu ni Msukuma, anakwenda kulipua fisi kwao."

Nataka niseme haki hapa, kwa sababu nimesikia watu wakimlaumu yule dada kwamba alikuwa na papara. Hakuwa na papara. Alinipa mlango wa kutokea. Aliinama karibu yangu akaniuliza taratibu, kwa sauti ambayo hata wa nyuma hawakuisikia, "Samahani kaka, umesemaje?" Ningesema, "Nisamehe, natania," nadhani yangeishia pale, au labda yasingeishia, sijui sheria zao, lakini angalau ningekuwa nimesema. Badala yake nikafikiri hakusikia vizuri, na utamu wenyewe ni wasikie wote, nikapaza sauti.

"Nimesema amebeba bomu!"

Na yule mzee, masikini, akafanya kama sharti linavyotaka. Hakukasirika, hakukataa, akaongezea. Bila hata kuinua kichwa akasema, "Na nitaanza na Wazaramo."

Kicheko cha nyuma kilikatika kama redio iliyochomolewa. Yule dada akasimama wima, akatabasamu tabasamu ambalo halikuwa la kufurahi, akaenda mbele, akavuta pazia. Mie bado nilikuwa nacheka peke yangu. Nilicheka kwa muda ambao nikiukumbuka sasa natamani kujifunika shuka.

Wakaingia wanaume watatu, mmoja na sare.

"Nani amesema kuna bomu?"

Watu wote wakanigeukia.

"Mie, lakini ni utani, mkuu, huyu ni mtani wangu..."

"Mmefahamiana lini?"

"Sasa hivi."

Lilivyotoka mdomoni hata mie nikalisikia lilivyo baya. Tukashushwa wawili, mie mbele, mzee nyuma ameshika kofia yake mkononi. Halafu ikatangazwa abiria wote washuke na mizigo yao ya mkononi, na yote iliyopakiwa chini ishushwe, ipangwe pale kwenye lami, kila mtu aje aonyeshe begi lake. Jua la Dar la saa nne na nusu. Nilikalishwa kwenye gari la wazi na kuwaangalia wote wakipita mmoja mmoja mbele yangu, wajawazito, wazee, watu wa tai, na kila mmoja alinitazama. Mama mmoja akaniambia, "Baba, nina mgonjwa kule ananisubiri," akasema hivyo tu, wala hakunitukana. Heri angenitukana.

Tukapelekwa kwenye kachumba kenye feni. Askari aliyetuhoji alikuwa mtu mzima, anaandika polepole. Nilimweleza utani wote, na lile la kaburi la baba nikamweleza, na harusi ya dada inayonisubiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Mimi Mngoni," akasema. "Watani zangu Wahehe, na kwenye misiba yao nimefanya mambo ambayo siwezi kukuambia. Utani naujua. Lakini wewe unadhani ndege ni msiba. Rubani hajui kabila lako, bwana. Akisikia bomu, ni bomu."

"Kweli, afande."

"Na huyu mzee ulimuuliza kama ana nafasi ya kutaniwa leo?"

Sikumuuliza. Boksi likafunguliwa mbele yetu. Ilikuwa amplifaya ya kwaya ya kanisani kwao, ilikuja Kariakoo kutengenezwa, na pembeni imeandikwa kwa rangi nyeupe jina la kwaya. Mzee alikuwa ameahidi kwamba Jumapili itaimba. Nikasema mie ndiye niliyeanza, mie ndiye niliyerudia, na mzee alijibu kwa sababu nilimchokoza. Siku nzima ile, hilo ndilo neno pekee nililosema ambalo sijutii. Wakamhoji peke yake, wakampigia mtu wa kanisani kwao, wakamruhusu arudi ndegeni. Mie nikaambiwa sisafiri siku ile, na ni haki yao, hata mie nisingekubali kukaa na mtu kama mie.

Mzee akavaa kofia yake. Nikasubiri aniambie neno, lolote, kwamba Wazaramo akili zetu zimejaa madafu, chochote. Akaniuliza tu, "Hiyo harusi ya dada yako ni saa ngapi?"

"Alasiri."

Akatikisa kichwa, akatoka. Hakunitania. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya kweli.

Ndege niliisikia ikiondoka. Maisha yangu yote nimesikia ndege zikiondoka na hazijawahi kunihusu.

Simu nilirudishiwa saa nane. Nikampigia Mwanaidi, nikatafuta uongo njiani, kwamba ndege mbovu, kwamba foleni, na wote ulikuwa karibu kabisa, lakini kabla sijafungua mdomo akasema, "Kaka, tumeshaambiwa." Nilimsikia anahema. Hinna ilikuwa bado mbichi mikononi mwake (mama aliniambia baadaye), simu alishikiwa sikioni.

"Nisamehe, Mwana."

"Sheikh yuko hapa," akasema. "Ongea naye."

Nikamuomba afande ruhusa, na yeye, namshukuru, akazima feni ili isipige kelele, akavua kofia akaiweka mezani juu ya maelezo yangu. Nikasema kwenye simu, mwenyewe nimesimama kwenye vile viatu vya kuazima, "Sheikh, nimekuwakilisha umwozeshe dada yangu Mwanaidi binti Shomari kwa Hamadi." Sheikh akasema amekubali. Haikufika hata dakika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, hauna wa kumshika. Ndipo nikalia, na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, nililia kwa sauti, mpaka yule afande akaenda kusimama dirishani akanipa mgongo.

Jioni niliandikiwa onyo nikaachiwa. Picha zikaja kwenye simu nikiwa kitandani Pugu na kanzu ya marehemu baba bado imekunjwa kwenye begi. Ya kwanza, mkono wa sheikh kwenye mkono wa shemeji. Ya pili ni ya familia. Bibi harusi katikati, mama kulia, na kushoto, kwenye kiti cha kaka, amekaa mzee mmoja mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe.

Nikampigia mama. Kumbe mzee alipotua aliwakuta yeye na mashangazi, waliokuja uwanjani kunipokea, wanamuuliza kila abiria kama ameniona. Akawaendea mwenyewe. Aliwaambia mie mzima, nipo kwenye mikono salama, na kosa tulilifanya wote wawili kwa sababu na yeye alijibu. Wote wawili! Mtu niliyemshusha ndegeni na boksi lake. Mama akamwambia mtani hapitwi na harusi, akamchukua. Na alipofika ukumbini aliketi kwenye kile kiti kilichokuwa kitupu, akatangaza hainuki mpaka Wazaramo wamlipe jogoo kwa kumchelewesha, na watu, mama anasema, walicheka sana, na mambo yakaenda.

"Mwanaidi naye alicheka?" nikauliza.

Mama akafikiri kidogo. "Alitabasamu."

Nimeapa, na naandika hapa ili mnishike: nikiulizwa kilichomo kwenye boksi langu nitasema kilichomo, na likiwa si langu nitafunga mdomo. Mzee naye hunipigia mara moja moja. Juzi alisema, "Mtani, bomu lako linaimba vizuri Jumapili," na mie nikaangalia kushoto na kulia kwanza, peke yangu uani, kabla sijathubutu kucheka.

Mwanaidi sasa ni mjamzito. Aliniambia mwenyewe, akasema akijifungua nije nimwone mtoto, na nilipomuuliza nije lini nikamsikia anahema vilevile kama siku ile, halafu akasema, "Wakati wowote, kaka. Ila njoo na basi."

Nitakwenda na basi. Na nikikalishwa pembeni ya Msukuma nitamwamkia, akiitikia nitageukia dirishani mpaka Mwanza.