Hewa ya Siku ya Pili

Mume wangu Adair alipanga vigae miaka thelathini na minane hapa Porto Alegre. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe, juu kilimani, ngazi mia na kumi na mbili. Moyo ulipochoka, binti yetu Cleusa akataka tuhamie kwake, kwenye ghorofa lenye lifti. Adair hakutaka hata kusikia. Mimi siku hizo nilikuwa nimekufa ganzi, nakula, nalala, basi.

Hospitali walitafuta wagonjwa kama yeye wa kupimwa. Daktari Rosane akatueleza: moyo ukiwa dhaifu, msuli ukifanya kazi kidogo tu unaupigia ubongo kelele kupita kiasi, pumzi inakimbia, mishipa inajibana. Walitaka kujua kama oksijeni itazituliza kelele hizo. Siku moja angevuta oksijeni, siku nyingine hewa ya kawaida, barakoa ileile, wala haambiwi ipi ni ipi. Kazi yake kubana chuma kwa kiganja, kisha wamfunge mkanda wa presha, damu iliyochoka isitoke mkononi.

Siku ya kwanza alitweta, nikageuza uso. Siku ya pili, baada ya kupumzika siku moja, alibana, akatulia, hata akamtania nesi, kisha akanigeukia.

"Bibi wee, hiyo ndiyo oksijeni! Tutaomba mtungi, tubaki kilimani, na Cleusa abaki na lifti yake."

Daktari akauliza, "Hukunywa kahawa wala chai tangu jana, mzee?"

"Hata tone."

"Chimarrão tu," nikasema, yale majani machungu tunayonyonya kwa bomba kila asubuhi. "Kibuyu kimoja asubuhi, kama juzi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, majani yale yanachochea moyo sawasawa na kahawa!"

"Aa, daktari," Adair akasema, "kile si kunywa. Kile ni kuamka."

Daktari alicheka, kisha akaacha. Vipimo vya siku zote mbili vinatupwa, akasema. Adair hakujali, alichong'ang'ania ni kuambiwa leo alivuta nini. Kwa kuwa vinatupwa, daktari akaenda kuuliza, akarudi.

"Leo ilikuwa hewa ya kawaida, mzee. Oksijeni ilikuwa juzi."

Juzi ndiyo ile aliyotweta. Adair akakitazama kiganja chake.

"Kwa hiyo leo nimepumua kama watu tu?"

Nje, kwenye benchi, akavaa kofia.

"Basi mtungi hauna kazi. Mpigie Cleusa. Mwambie tunahamia kwake Jumamosi."

Nikapiga. Nilitaka kulia, machozi yakagoma.